Vifaranga Malaba, Barua Jinja

Vyungu vya makaa vilikuwa vimeshika moto vizuri, na maganda ya kahawa yalikuwa yametandazwa sakafuni, laini kama godoro la mzazi, lakini vifaranga wenyewe hawakuwapo. Hadijah aliinama katikati ya chumba cha kulelea, akaweka kiganja chini kusikia joto, akainuka. Joto lilitosha. Maji ya glukosi yalikuwa tayari katika visahani, na juu yake alikuwa amefunika gazeti vumbi lisiingie. Nje barazani, wanawake wa mtaa huo wa Namatala waliojiandikisha kuchukua vifaranga walikuwa wamekaa na makapu yao wakitaniana.

"Hajati, kuku wako wanakuja kwa miguu?" mmoja aliita, na wenzake wakacheka.

"Wanakuja kwa gari, na wewe utawabeba kichwani. Tulia hapo."

Alijibu kwa mzaha, lakini jicho lilikuwa kwenye simu. Gari lilikuwa Malaba, mpakani, tangu alfajiri, na Umar, dereva wake, alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa kwa maneno yale yale.

"Mama Shadiah, afande anasema karatasi hakuna. Gari iko na sili ya forodha, mimi siwezi kufungua hata mlango ya nyuma. Nasikia wanalia tu huko ndani."

"Umeegesha kivulini?"

"Kivuli gani, mama? Hapa malori yamejaa mpaka mbele. Mimi niko juani kama mhindi ya kuchoma."

Anayefuga kuku anajua jambo hili, na asiyefuga aambiwe. Kifaranga hutoka yaini na akiba yake tumboni, ile sehemu ya kiini iliyobaki, na akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kusafiri bila chakula wala maji. Lakini ni akiba ndogo. Inampeleka siku mbili, na ya tatu kwa kujikokota, tena kama hakuna joto kali. Hawa walianguliwa Jumatano upande wa Kenya. Leo ilikuwa Ijumaa, jua lilikuwa linapanda, na walikuwa wamefungiwa katika maboksi yaliyopandana hadi juu. Maboksi ya chini hupata baridi, ya juu hupata moto, na ya katikati hukosa hewa.

Kilichowazuia kilikuwa kibali kimoja tu. Ofisi ya vibali vya mifugo ilikuwa imekubali, hilo walikuwa na hakika nalo, maana mtu wa ofisi aliwaambia kwa mdomo wake Alhamisi mchana kwamba kibali kingetumwa jioni. Lakini kibali hutumwa kwa barua pepe, kwenye anwani ya duka iliyosajiliwa pale ofisini, na si kwingine. Kabla ya sheria hiyo watu walikuwa wakijiandikia vibali vya uongo. Na anwani ya duka lao haikukaa hewani kama anwani za watu wengine. Ilikaa Jinja, katika stoo ya kaka yake Fadhul, ambaye biashara yote imesajiliwa kwa jina lake, ndani ya kompyuta yao wenyewe ya kupokelea barua, iliyowekwa juu ya meza ya mbao, nyuma ya magunia ya pumba. Nyumbani waliiita Sanduku.

Shadiah, binti yake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha duka na kompyuta magotini. Alisoma mambo ya kompyuta chuoni Mbale, kisha akarudi kuuza chakula cha kuku na mamake. Hakuinua macho.

"Mama, Sanduku halifunguki. Tangu asubuhi nabisha. Halijibu kabisa."

"Labda intaneti."

"Intaneti ipo. Ni Sanduku lenyewe limezimika."

Hadijah alikaa juu ya gunia. Ugomvi wa Sanduku ulikuwa mkongwe katika ukoo huo. Shadiah alikuwa ameomba mara nyingi: Mjomba, barua zetu tuzipeleke kwa kampuni inayotunza barua za watu, tupange chumba kwao kama watu wanavyopanga nyumba. Wana majenereta, wana walinzi, wana mashine nyingine ya akiba ikifa ya kwanza. Sisi tunalipa kila mwezi, basi, tunalala.

Na Fadhul kila mara alimjibu kwa kisa kilekile. Baba yao alikuwa na duka Jinja, duka la vyombo. Serikali ilipoanguka mwaka ule wa sabini na tisa, watu wa kabila lao walikimbia usiku kwa kuwa kila Mnubi aliitwa askari wa serikali hiyo, hata aliyeuza sahani. Baba alibeba bidhaa zake zote akaziweka kwa rafiki yake, mtu wa kuaminika, mtu wa kula naye. Miaka ikapita, baba akarudi. Rafiki alimpokea kwa furaha, akamketisha, akamnywesha chai katika vikombe vyake mwenyewe baba, vile vyenye ukingo wa dhahabu, na hakuna lililosemwa juu ya bidhaa mpaka baba alipokufa.

"Kwa hiyo," Fadhul humalizia, "chako kikae chini ya kufuli yako. Huyo mwenye kampuni mimi nimemwona wapi? Kitanda nisichokilalia nitajuaje kunguni wake?"

Hadijah alikuwa hajawahi kuchagua upande. Aliwaacha wabishane, yeye akaendelea kupepeta mahindi. Fadhul alikuwa kaka mkubwa, ndiye aliyemlea Hadijah baba yao alipokufa, na pia hakuwa mjinga. Kweli Sanduku liliwatumikia miaka mingi bila shida. Kijana aliyeliweka sasa alikuwa Uarabuni akiendesha gari la mtu, lakini mashine ilikuwa bado inanguruma nyuma ya pumba kama paka aliyeshiba.

"Mpigie mjomba wako," alisema.

"Nimempigia. Imezimwa."

Wote wawili walijua kwa nini. Mama mkwe wa Fadhul alikuwa amefariki Alhamisi, na Fadhul alikuwa ameondoka kwenda Bombo kuzika. Msibani hakuwasha simu kabisa, tangu maiti kuoshwa mpaka dua ya mwisho. Alisema mtu anayezungumza na simu juu ya kaburi anamtukana aliye ndani. Hadijah mwenyewe alipaswa kwenda kesho, baada ya kupokea vifaranga.

Akapiga simu ya Jamirah, mke wa Fadhul. Ilipokelewa na sauti asiyoijua, na nyuma yake wanawake walikuwa wakilia.

"Wanaume wameshatoka na jeneza," sauti ilisema. "Wamekwenda msikitini, watazika baada ya swala. Nimwambie nani amepiga?"

Hadijah alifungua mdomo. Angesema nini? Mwambieni aache kumzika mama mkwe, kuna kuku?

"Mwambie Jamirah tunalia naye," alisema, akakata.

Shadiah alikuwa anauma ukucha. "Mama, alipofunga duka kwenda msibani, alifungaje?"

Hapo Hadijah akaelewa. Katika mtaa ule wa Jinja, wenye maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, nyaya za umeme ni za zamani kama mapaa. Duka moja liliwahi kuungua mwenyewe akiwa safarini. Tangu hapo ni desturi: mtu akilala nyumbani anazima taa tu, lakini akifunga kwa safari, kwa Idi au kwa msiba, anateremsha swichi kuu. Hakuna anayefikiri. Mkono unakwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye kofia unapoingia msikitini.

"Ameteremsha swichi kuu," alisema.

"Na Sanduku linakula umeme huohuo. Betri yake ilikwisha jana jioni." Shadiah alifumba macho. "Kibali kilipotumwa kilikuta giza."

"Kimepotea?"

"Hakijapotea. Barua pepe ikikuta mlango umefungwa haitupwi. Inaondoka, inarudi kubisha tena. Lakini kila inaporudi inakawia zaidi. Hata tukiwasha sasa hivi, huenda isibishe tena mpaka jioni."

Simu iliita. Umar.

"Mama Shadiah, boksi za juu wamenyamaza."

Hadijah alijua maana yake. Kifaranga anayelia ana shida, lakini kifaranga aliyenyamaza katika joto ameshaanza kuachama mdomo akitafuta hewa.

"Umar, nunua maji, umwage juu ya turubai. Turubai lote. Omba, bembeleza, piga magoti kwa huyo afande, akusogeze kivulini."

"Magoti nimeshapiga. Anasema mimi naigiza."

Kisha Hadijah mwenyewe aliipigia ofisi ya vibali. Mwanamke aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Khainza, na sauti yake haikuwa mbaya.

"Mama, kibali nilikutumia jana. Mimi sina tatizo nawe."

"Nitumie kwa anwani ya binti yangu, mwanangu. Nakuomba. Wanakufa."

"Siwezi. Nikituma kwenye anwani isiyosajiliwa, kesho mimi ndiye nitakayeitwa. Kubadilisha anwani kunahitaji sahihi ya mwenye duka aliyesajiliwa. Ni bwana Fadhul, siyo?"

"Ni yeye."

"Basi aje. Lakini leo Ijumaa, mimi nafunga mapema. Nina safari."

Hadijah akaweka simu magotini. Nje wanawake walikuwa wameacha kutaniana. Walikuwa wameona uso wake kupitia mlangoni, na mmoja akawa anafunga tena kitambaa cha kapu lake polepole, kama mtu anayejiandaa kurudi mikono mitupu.

Ilibaki njia moja, na aliijua tangu mwanzo. Ila hakutaka kuitazama.

Jirani wa Fadhul kule Jinja alikuwa Naigaga, mama mmoja wa Kisoga, mnene, anayeuza nyuzi na vifungo. Majirani wa mtaa ule huachiana funguo za mlango wa mbele. Lakini stoo ilikuwa na kufuli yake, na ufunguo wa stoo Fadhul aliuning'iniza shingoni chini ya kanzu, hata akilala. Swichi kuu ilikuwa ndani ya stoo hiyo. Sanduku lilikuwa ndani ya stoo hiyo.

"Naigaga, dada," Hadijah alisema simuni, "ingia dukani kwa Fadhul. Tafuta fundi wa kukata chuma. Nataka ukate kufuli ya stoo."

"Hadija, umerewa?"

"Mimi sinywi, wewe unajua."

"Basi ugonjwa. Bwana Fadhuru akikuta kufuri imekatwa, atasema Naigaga mwizi. Mtaa mzima watasema."

"Sema ni mimi. Waambie watu wote ni mimi niliyevunja, wewe ulikuwa mkono tu."

"Yuko kwenye matanga, Hadija. Mtu anazika, nyumba yake inavunjwa. Hii kitu mbaya."

"Najua ni mbaya. Naigaga, nakuomba. Sitarudia kukuomba kitu."

Hadijah alisikia kiti kikisukumwa, ndala zikiburuzwa, na Naigaga akiita upande wa pili wa barabara: "Eriya! We Eriya, reta grenda yako! Usiurize, reta!"

Eriya mchomeleaji alifika, na papo hapo ikaonekana kwamba duka lote halina umeme wa kuendeshea hiyo grenda. Ikabidi wavute waya kutoka kwa Naigaga, kupitia dirishani, juu ya rafu ya dawa za kuku, na waya ukawa mfupi, wakaunganisha mwingine. Hadijah alisikia yote kwa spika, akiwa amesimama, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Grenda ikaanza kulia. Ililia kwa muda, ikanyamaza.

"Nini?"

"Jiwe ya kukatia imevunjika. Anatafuta ingine."

"Ya Rabi."

Adhana ya Ijumaa ilianza katika msikiti wa karibu, na ya Jinja ikaanza ndani ya simu, zikifuatana nusu sauti. Hadijah alijua kwamba Bombo nako wanaadhini, na kaka yake ameketi safuni, mbele yake jeneza, na yeye dada mtu yuko huku anamkatia mlango. Aliona aibu kama aliyekutwa uchi. Lakini hakusema wasimame.

Grenda ililia tena. Kitu kizito kikaanguka sakafuni.

"Imekatika," alisema Naigaga, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye kaburini.

"Ingia. Swichi iko kulia, juu. Ipandishe."

"Giza huku. Kuna panya." Mlio wa swichi. Kisha, kwa mbali, mlio mwembamba, na mngurumo. Shadiah aliruka kutoka kitini.

"Limeamka! Lakini ngojeni, ngojeni. Linajikagua kwanza. Lilizimika ghafla, kwa hiyo linaangalia kila kitu chake kama kiko salama."

"Liambie liache."

"Mama, haliambiwi."

Walingoja. Shadiah hakuondoa macho kwenye kioo. Umar alipiga, Hadijah hakupokea. Mwishowe Shadiah alivuta pumzi. "Limefunguka. Barua mbili za matangazo. Kibali hakimo. Bado kiko njiani, kinangoja zamu yake ya kubisha."

Hadijah aliipigia tena ofisi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, na mara ya mwisho ikapokelewa na mtu anayehema, kama aliyerudi kutoka mlangoni.

"Mama, nimeshafunga kompyuta. Mkoba uko begani."

"Khainza, mwanangu, sikuombi uvunje sheria. Nimevunja mimi mlango wa kaka yangu ili wewe usivunje sheria. Anwani ni ileile iliyosajiliwa. Mlango sasa uko wazi. Nitumie upya barua ileile, basi, halafu nenda safari yako, na Mungu akulinde."

Hadijah alisikia mkoba ukiwekwa mezani.

"Nangoja iwake," alisema Khainza. "Usikate."

Kibali kiliingia kabla Khainza hajamaliza kusema "nimetuma". Shadiah alikitupa kwenye simu ya Umar, naye alikimbia nacho kwenye kibanda cha kuchapa karatasi. Aliporudi, afande alikisoma toka juu hadi chini, akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, kisha akakata sili.

Gari lilifika Namatala jua likiwa limeelekea kuzama. Wanawake hawakuondoka. Walipanga mstari bila kuambiwa, wakapokezana maboksi, na hakuna aliyetania. Hadijah aliyafungua moja baada ya jingine, akamshika kila kifaranga, akamchovya mdomo katika maji ya glukosi, akamweka penye joto. Wa maboksi ya chini walikuwa wazima. Wa katikati walilegea, lakini walikunywa. Yale ya juu alipoyafungua aliyafunga tena, akayapanga pembeni ukutani, na uso wake ukawa mgumu.

Fadhul alikuja siku ya pili, mchana, moja kwa moja kutoka stoo yake Jinja. Kanzu ilikuwa na udongo pindoni. Shadiah alipomwona aliinuka kumsalimia. Fadhul aliitikia salamu, akapita, akaingia chumba cha kulelea, akamkuta dada yake amechutama mbele ya boksi la vifaranga waliolegea.

"Ulikata kufuli yangu."

"Nilikata."

"Nikiwa nazika."

"Ukiwa unazika, kaka. Nisamehe kwa hilo. Kwa kukata siombi msamaha."

Wanawake waliokuwa wanachukua vifaranga wao walijifanya kuhesabu. Hadijah hakumtazama, aliendelea na kazi.

"Mtu angeingia," alisema Fadhul. "Stoo ilikuwa wazi usiku kucha."

"Naigaga alilala humo. Juu ya magunia yako. Na panya wako."

Mmoja wa wanawake akacheka, akajiziba mdomo. Fadhul aligeukia ukutani, akaona maboksi. Akafungua moja. Alitazama ndani, na alipolifunga alilifunga taratibu sana, kwa mikono miwili.

"Haya mangapi?"

"Yote hayo ya juu."

"Kwa swichi yangu."

Hadijah alichukua kifaranga mwingine.

Fadhul aliinua sauti kidogo, bila kugeuka. "Shadiah. Hao watu wako wa kupangisha. Wakifunga mlango wao siku moja, wewe utamkatia nani kufuli?"

Kwa miaka alikuwa na jibu tayari, lakini sasa Shadiah alijibu polepole. "Sitaweza kumkatia mtu, mjomba. Nitapiga simu, nitangoja, kama mpangaji yeyote. Hilo siwezi kukudanganya. Lakini nitaweka nakala ya kila barua hapa dukani, ili wakifunga, tusiwe uchi."

"Mpangaji," Fadhul alisema, kama mtu anayeonja kitu kichungu. Akavua viatu, akakunja mikono ya kanzu, akachutama upande wa pili wa boksi, mkabala na dada yake. Alichukua kifaranga mmoja aliyelegea shingo, akamchovya mdomo, akamngoja. Kifaranga hakunywa. Akamchovya tena.

"Hamisha barua," alisema. "Sahihi nitaweka."

Hadijah alisogeza kisahani cha maji katikati yao. Kifaranga aliyekuwa mkononi mwa Fadhul alitikisa kichwa, akapiga chafya, akanywa.